Njia ya Jikoni katika Kasri la Marijani

Siku niliyoichimba njia ya jikoni ilikuwa Jumanne ya kawaida tu, na umeme ulikuwepo. Nilikuwa kwenye chumba changu cha kurekodia, ghorofa ya pili, mtaa wa nyuma ya Msimbazi, juu ya duka la mapazia la Bhai Kishor. Kuta nilikuwa nimezifunika kwa magodoro ili kelele za Kariakoo zisiingie kwenye maiki. Ziliingia hivyo hivyo. Ukisikiliza kwa makini sinema zangu za zamani, mfalme anapotoa hukumu utamsikia kwa mbali mtu anatangaza dawa ya panya na kunguni.

Kazi yangu ni kutafsiri sinema. Nasema kutafsiri kwa sababu ndivyo watu wanavyoiita. Sinema inatoka India, Uchina au kokote kule, mimi nainyima sauti yake, naweka yangu juu, naeleza kinachoendelea kwa Kiswahili. Wengi wetu hatujui hata neno moja la lugha hizo. Tunatazama midomo, tunatazama macho, tunabuni. Watazamaji wanajua kwamba tunabuni na hawajali. Enzi zile walikuwa wanajazana kwenye vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video za Magomeni na Ilala, kumsikiliza mtafsiri, mwigizaji hata jina lake hawakulijua. Wahusika tunawapa majina ya huku kwetu. Waziri mnafiki wa sinema moja nilimpa jina la dalali wa mtaani, na yule dalali alifurahi sana, akatununulia soda chumba kizima.

Ya siku ile ilikuwa hadithi ya kifalme, ya safari na mapanga, na karibu yote ilichezwa ndani ya kasri moja. Kasri lenyewe lilikuwa la kubuni, hakuna nchi yenye jumba la namna ile. Kuta za rangi ya waridi, malango saba moja ndani ya jingine, bwawa la kuogelea katikati ya chumba cha kulala, ngazi zinazopanda mpaka shingo ya mtazamaji inauma. Nililiita Kasri la Marijani. Ili watu wauelewe ukubwa wake nilisema kwamba kutoka lango la kwanza hadi kwenye kiti cha mfalme ni kama kutoka Msimbazi mpaka viwanja vya Mnazi Mmoja, na njiani hakuna pa kununua maji.

Karibu na mwisho maadui wamelizunguka kasri. Binti wa mfalme, niliyempa jina la Mwanaidi, amebaki jikoni. Kamera inatazama jiko kubwa la mawe, na hapo picha ikaganda. Iliganda dakika nzima na ushee, jiko lile lile, kimya. Ilipofunguka tena Mwanaidi alikuwa kando ya mto, peke yake, gauni limelowa hadi magotini. Diski ilikuwa na mkwaruzo, na hatukuwa na nyingine.

Nikamwita Kishor. Diski zote alikuwa anazileta yeye, pamoja na mapazia yake. Sinema ilikuwa ya huko kusini mwa India na Kigujarati chake hakikumfikisha mbali, kwa hiyo hata yeye hakujua binti alitokaje. Akatazama lile jiko lililoganda, akakuna kidevu.

"Sema kitu, Sudi," aliniambia. "Sema chochote."

Akashuka kwenda kwa wateja wake. Nikawasha maiki na kusema chochote. Nilisema kwamba pembeni mwa jiko, upande wa kushoto, kuna jiwe lenye pete ya chuma. Mwanaidi analinyanyua. Chini yake kuna njia iliyojengwa na mafundi wa babu yake, na njia hiyo inatokea mtoni. Nikaona dakika bado haijaisha, nikaongeza maneno niliyokuja kuyajutia kuliko yote niliyowahi kuyatoa kinywani mwangu: "Msiogope, jamani, giza lake ni la hatua chache tu." Nilizima mashine, nikaenda kula wali maharage. Nilijiona nimefanya kazi nzuri sana.

Na kweli watu waliipenda. Sinema ilikuwa na vita vitatu na tembo wanne, lakini walichokikumbuka ni ile njia.

Miaka ikapita, watu wakahamia kwenye simu, vibanda vikaanza kufungwa. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa akija kwa Kishor kuchukua mapazia, aliniambia kwamba kwao sauti yangu inajulikana kuliko ya mchungaji wao. Diski zetu zilikuwa zinavuka na mizigo ya Kariakoo bila sisi kujua. Nikafunga magodoro yangu, nikavuka na sinema zangu, projekta na jenereta. Mji sitautaja jina, kwa sababu wenyewe wana mazito yao ya kutosha bila mimi kuwaongezea. Ulikuwa umekaa kwenye miteremko, mto umeupasua katikati, daraja moja. Upande mmoja soko na magari ya mizigo, upande wa pili nyumba za watu, kanisa, na juu kabisa jumba la zamani la wakoloni lenye ukuta mrefu. Hakuna aliyekuwa akiishi humo isipokuwa mlinzi.

Kule nilikuwa sirekodi, nilikuwa natafsiri papo hapo, nimesimama na maiki pembeni mwa skrini. Watu wa pale hawakuwahi kuiona Msimbazi wala Mnazi Mmoja, kwa hiyo nikalazimika kubadilisha. Nikasema Kasri la Marijani ni kama lile jumba lenu la juu, ila mara kumi. Ukumbi mzima uligeuza shingo kama vile jumba linaonekana kupitia ukutani. Baada ya wiki mbili mji mzima ulikuwa unaliita lile jumba Kasri. Hata mlinzi wake alikuwa akiulizwa hali ya mfalme.

Faida nilimpata mlangoni mwa ukumbi wangu. Alikuwa anauza mandazi na karanga, amevaa aproni ya bluu yenye mifuko miwili mikubwa, na alinisema siku ya kwanza kwamba jenereta langu linatia moshi kwenye mandazi yake. Nililihamisha jenereta. Mwaka haukuisha tukawa mume na mke. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mgumu wa kudanganywa kwenye biashara. Sinema ya kasri aliisikia mara nyingi kuliko mtu yeyote, kwa sababu niliirudia kila mwisho wa mwezi, na yeye akiwa pale mlangoni, mgongo ameipa skrini, akiwahudumia watu. Aliijua kwa masikio. Nadhani hakuwahi kuikalia akaitazama yote.

Jumapili moja tulipita nje ya lile jumba, tunatoka kwa mjomba wake. Lango lilikuwa wazi, ua umejaa majani. Faida akasimama, akatazama ndani kwa muda.

"Ile njia ya mu jikoni, iko kweli?" aliniuliza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikuhitaji kuwa shujaa, nilihitaji kusema tu kwamba diski ilikuwa na mkwaruzo na Kishor aliniambia niseme chochote. Lakini mimi nilikuwa mtu wa Dar, niliyeona majumba makubwa, na sauti yangu ndiyo iliyokuwa inatulisha. Sikutaka kuonekana mwongo mbele ya mke wangu kwa jambo dogo namna ile. Nikamjibu kwa sauti ya sinema, ile ya chini.

"Ipo. Nyumba zote kubwa zinayo."

Alicheka, akanishika mkono, tukashuka. Nimeisikia sauti yangu ikisema "ipo" mara nyingi tangu siku ile, na haijawahi kukwaruza.

Naomba mtu asimdharau Faida. Hakuwa mjinga. Alijua sinema ni sinema, na kwamba hakuna binti wa mfalme anayeitwa Mwanaidi. Alichokiamini ni kwamba mumewe anajua nyumba zinavyojengwa. Ni kitu ambacho mke ana haki ya kukiamini.

Vita vilikuwepo milimani muda wote, kama mvua inayonyesha kwa jirani. Watu walikuwa wanajua wiki hii barabara gani haipitiki. Askari wa serikali walikuja ukumbini, wakaacha bunduki kwa Faida wakati wa kuangalia, na yeye alizipanga ukutani nyuma ya beseni la karanga kama fagio. Kisha wiki moja askari hawakuja. Wiki iliyofuata tuliwaona wanapita kwa miguu wakielekea bondeni, bila kuimba, wengine bila viatu. Mjomba wa Faida akasema tuondoke. Nilisema tusubiri nipate mafuta ya jenereta, kwa sababu nisingeweza kuiacha mali yangu yote pale. Hilo nalo ni langu.

Asubuhi ile nilivuka daraja kwenda upande wa soko kutafuta petroli. Faida alibaki anakanda unga. Aliniambia nisikawie.

Nilikuwa nimeshajaza dumu moja niliposikia mlio wa kwanza, kutoka upande nilikotoka.

Kila mmoja alimtazama mwenzake.

Kisha mlio wa pili, na soko lote likakimbia kwa pamoja.

Nilikimbilia darajani. Waliokuwa mbele yangu walikuwa wanarudi mbio. Mwanamume mmoja aliyekuwa amebeba gunia la mihogo alianguka katikati ya daraja na gunia lake halikumwachia. Hakuinuka. Nikaingia chini ya lori la mkaa na dumu langu la petroli, na nikakaa hapo nikiwa nimelikumbatia, mpaka nilipogundua nimekumbatia nini, nikalisukuma mbali.

Simu ikaita. Ilikuwa ni yeye.

Nilimuuliza yuko wapi.

"Niko ku ile nyumba kubwa, na wamama wengine. Wewe usiogope. Mi najua njia."

Risasi zilipiga mbao za lori juu yangu, mkaa ukamwagika shingoni. Nilikuwa naogopa, na mtu anayeogopa anasikia nusu. Nilidhani anasema njia ya nyuma ya kanisa, inayoshuka hadi sehemu ambayo mto una kina kifupi na watu hufulia. Kila mtu alikuwa anaijua.

"Pita," nilimwambia. "Pita upesi."

Akasema sawa. Simu ikakatika.

Ilinichukua kama saa nzima kuelewa. Nilikuwa nimelala kifudifudi, nahesabu sauti ili nisifikirie kitu kingine, na katikati ya kuhesabu nikajiuliza kwa nini anisisitizie kwamba anaijua njia ambayo kila mtu anaijua.

Nilipiga simu. Haikupatikana.

Nilipiga tena na tena, mpaka yangu nayo ikazima.

Mchana mvua ikaanza, mvua ya kule milimani, inayoshuka kama mtu amefungua bomba. Iliosha mkaa wote chini ya lori. Nakumbuka wengine waliojificha pembeni yangu walishukuru, wakasema mvua itapunguza risasi, na kweli ilizipunguza. Mimi nilikuwa natazama maji yanavyoshuka upande wa pili, kutoka kwenye lile jumba kuelekea mtoni, mitaro yote imejaa na imekuwa ya rangi ya udongo.

Siku mbili daraja halikupitika. Siku ya tatu wapiganaji walituruhusu kuvuka, mmoja mmoja, mikono juu.

Mama Riziki, jirani yetu, nilimkuta amekaa nje ya nyumba yetu. Alikuwa mwanamke mzito mwenye nyonga mbovu, aliyetembea kwa kushika ukuta. Alikuwa amekaa kwenye stuli ya Faida, na aliponiona hakuinuka wala hakunisalimu. Alinieleza yote bila kulia, kwa mpangilio, kama mtu aliyekuwa ameyarudia peke yake siku tatu.

Wapiganaji walipoingia mtaani, wanawake wengi walikimbilia ndani ya ukuta wa Kasri kwa sababu ya urefu wake. Muda si mrefu ikajulikana kwamba jumba ndilo wanalolitaka. Baadhi ya wanawake walisema watoke kwa lango kubwa, mikono juu, liwalo na liwe. Faida akasema hapana, darajani wanaua watu, yeye anajua njia nyingine. Akaenda jikoni. Pembeni mwa jiko la mawe, upande wa kushoto, kulikuwa na jiwe lenye pete ya chuma.

Lilikuwepo. Hilo ndilo jambo nililolisikia nikaomba arudie. Jiko kubwa la zamani lazima liwe na mfereji wa maji machafu, na mfereji lazima uwe na mfuniko, na mfuniko lazima uwekwe karibu na jiko. Nilibuni kitu cha kawaida kabisa. Ningebuni joka au ufunguo wa dhahabu, Faida angekuta ukuta mtupu, angerudi uani na wenzake.

Wanawake wengine walisita kwenye ule mdomo mweusi. Faida aliwaambia mumewe ndiye anayezijua nyumba hizi. Na akawaambia, Mama Riziki alisema hivyo akinitazama usoni, "Musiogope, giza lake ni la hatua chache tu."

Wakashuka wanawake watano na watoto wao. Faida ndiye aliyetangulia. Mama Riziki hakuweza kwa sababu ya nyonga. Faida akamwomba kitu kimoja, arudishe jiwe mahali pake ili wapiganaji wasijue, kisha atoke, wakutane mtoni.

"Ni mimi nilirudisha jiwe, Papa Sudi," aliniambia.

Wapiganaji walimkuta jikoni peke yake. Walimwambia, mama, toka. Alichukua beseni akajitwisha ili mikono ionekane, akatoka kwa lango kubwa pamoja na wale wote waliokuwa wamebaki uani. Hakuna aliyewagusa. Jumba ndilo walilolitaka, watu hawakuwa na haja nao siku ile. Jikoni wakapanga masanduku yao, na walisimama hapo siku mbili, juu ya lile jiwe.

Mama Riziki alishuka hadi mtoni, kidogo kidogo, na beseni lake. Ndani ya beseni alikuwa ametia kanga mbili kavu, za kuwafunika watoto wakitokea. Aliwasubiri. Mvua ikaja, akawasubiri. Alihamia chini zaidi akidhani labda alikosea mahali. Jioni alifikiri wametokea sehemu nyingine na kwamba Faida keshavuka kunitafuta.

Mwisho wa mfereji ulikuwa chini ya vichaka, umezibwa kwa vyuma vya kuzuia takataka. Wanawake waliokwenda kuchota maji ndio waliouona. Niliitwa. Faida nilimtambua kwa aproni, na zaidi ya hapo sitaeleza. Alikuwa mbele ya wengine wote, kama alivyotangulia.

Tuliwazika siku ile ile, bila maneno mengi, kwa sababu wapiganaji hawakutaka tukusanyike. Baada ya hapo Mama Riziki aliniuliza njia ile ilipaswa kutokea wapi. Aliuliza kwa upole, alikuwa anataka kujua tu kama alisubiri mahali sahihi. Nilimwambia sijui. Sikumwambia kwamba haikuwahi kuwepo. Nilimwacha na lile jiwe mikononi mwake, na nikapanda gari la kwanza lililokwenda ziwani. Katika mambo yote niliyoyafanya kule, hilo nililifanya kwa akili zangu timamu, hakuna risasi hata moja iliyokuwa inalia.

Nilirudi Dar. Kariakoo ilikuwa vile vile, watu wanabeba mizigo wanakuambia upishe, na hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Waliojua walinipa pole, wakasema vita ni vibaya, vita vimekupokonya mke. Nilikuwa naitikia. Vita ni neno kubwa, mtu anaweza kujificha ndani yake miaka mingi. Risasi zile sikupiga mimi, mvua sikuileta mimi, na vyuma vya mtoni vilikuwepo kabla sijazaliwa. Nimeyapanga haya mara nyingi, na kila nikimaliza kuyapanga nabaki na mwanamke aliyepiga simu kuniambia anajua njia, na mimi nikamwambia apite upesi.

Kishor alinirudishia chumba kile kile. Nilitafsiri chochote alichonipa isipokuwa ya kasri, na yeye hakunilazimisha. Alipofariki, biashara aliishika binti yake, Hetal, aliyekuwa msichana wa shule nilipoondoka. Duka la mapazia alilipangisha, akabaki na sinema, sasa za kwenye simu.

Mwaka huu alipanda juu asubuhi moja, akaniamkia.

"Shikamoo, Mjomba Sudi."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa na habari njema. Ameipata ile ya Kasri la Marijani, nakala safi, kamili, haina mkwaruzo. Watu kila siku wanamwandikia kuiulizia. Alitaka niitafsiri upya. Nilitaka kukataa, lakini neno kamili lilinishika. Nilimwomba aniache nayo.

Niliiendesha moja kwa moja hadi jikoni. Jiko la mawe likatokea, na safari hii picha haikuganda. Kamera ikageuka. Wanawake wa kufulia walikuwa wanapita na vikapu vya nguo vichwani. Mwanaidi alivua vito vyake, akaviweka juu ya jiko, akachukua kikapu, akajitwisha, akaingia katikati yao. Wakavuka malango yote saba. Lile la mwisho, kubwa kuliko yote, maadui walikuwa wamesimama pande mbili, na jua la saa sita liko juu yao. Walimtazama. Wakawapisha. Akashuka na wenzake hadi mtoni, akaingia majini hadi magotini, akaanza kufua. Wenzake wakasogea mbali, akabaki peke yake, na hapo ndipo nilipomkuta mimi miaka ile, gauni limelowa. Hakukuwa na neno hata moja lililosemwa. Hata kama ningekuwa najua lugha yao yote, hapakuwa na cha kutafsiri.

Niliitazama ile dakika mpaka Hetal akarudi. Alinikuta nalia na akashika mlango bila kujua aingie au atoke. Nilimwambia ni mambo ya zamani. Akakaa kidogo, akaitazama na yeye, kisha akasema kwa upole kile ambacho mfanyabiashara yeyote angesema.

"Hii dakika tuikate tu, mjomba. Watu wanaitaka ile yako."

Nilimwambia ikikatwa atafute mtafsiri mwingine. Hakuwahi kunisikia nikisema namna ile. Akakubali.

Nikawasha maiki. Mwanaidi alipochukua kikapu nilisema, anachukua kikapu. Alipofika lango kubwa nilisema, anatoka kwa mlango wa mbele, pamoja na wenzake, mchana, na hakuna anayemgusa. Nikanyamaza. Tangazo la dawa ya panya lilisikika vizuri kabisa.

Sinema imetoka. Wanaandika kwamba mzee amechoka, ameharibu, amekula sehemu tamu. Juzi nilipokuwa nashuka ngazi, kijana aliyepanga duka la mapazia alinisimamisha, futi ya kupimia vitambaa ikiwa shingoni mwake. Aliniambia aliiangalia ya zamani utotoni, Magomeni, kwenye kibanda, mara nyingi sana. Akataka kujua kwa nini nimeiondoa njia ya jikoni.

"Haipo," nilimwambia. "Haikuwahi kuwepo. Picha iliganda, nikasema chochote."

Alinitazama kama anayesubiri nimalizie utani.

"Ilikuwepo bwana, mzee Sudi. Jiwe, pete, lile giza. Mi niliiona kwa macho yangu."

Nilirudia kwamba haipo. Nilimwambia kwa sauti yangu ya kawaida, taratibu, kila neno peke yake, kama ambavyo ningepaswa kusema nje ya lile lango Jumapili ile. Alicheka, akanigusa bega, akarudi kwa mteja wake.